Hodi ya Elektroni Moja

Watoto wa mtaani walimwita Mzee Chwaa, na yeye hakukasirika, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka ishirini na mitatu alikaa kibandani akitengeneza redio. Mteja akifika akaanza kujiumauma, "Fundi, redio inafanya kama, sijui nisemeje, kama inakohoa," yeye alimkatiza kwa adabu.

"Subiri, baba. Inafanya chwaa, inafanya krr, au inafanya mmmm?"

Kwake yeye kila ugonjwa wa redio ulikuwa na sauti yake. Chwaa, redio imepoteza kituo. Krr, kitufe cha sauti kimeingia vumbi. Mmmm, umeme wa ukutani umepenya mahali usipotakiwa. Basi utamkuta mtu mzima na heshima zake, koti na kofia, amesimama pale kibandani anaguna "mmmm" mbele ya wapita njia, na wapita njia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ila redio ilipona. Mikono yake Mungu aliibariki, na masikio aliyabariki zaidi.

Kisha simu zikaja na redio ndani yake, na kibanda kikapoa. Kulikuwa na wiki nzima ambayo mteja alikuwa mmoja, naye alikuja kuomba kiti cha kupumzikia. Mzee Chwaa hakunung'unika. Alifungua kibanda kila asubuhi, akafagia, akasali, akakaa.

Siku moja akaja msichana mrembo wa watu, amebeba redio ndogo kifuani kama mtoto mchanga. "Shikamoo, Mzee. Inafanya mmmm," alisema, kwa kuwa majirani walishamfundisha namna ya kueleza. Mzee Chwaa akaiwasha. Kimya, safi kabisa. Akaizima, akaiwasha tena.

"Unaisikilizia wapi, mwanangu?"

"Kazini. Chuoni."

"Basi redio yako ni nzima. Inayougua ni nyumba."

Msichana alibaki mdomo wazi. Huko kazini kwao walikuwa na miezi mitano wanautafuta ugonjwa huo huo, umeme usioitwa uliokuwa ukiingia kwenye vipimo vyao, na watu wenye shahada zao walikuwa wamefungua mpaka dari wasiuone. Kesho yake alirudi kumchukua. Mzee Chwaa akaingia na redio ile ile mkononi, akazunguka nayo chumba kizima kama anayefukiza ubani, ikimlilia kwa nguvu hapa, kwa upole pale, mpaka akafika mlangoni akanyoosha kidole juu. "Hiyo taa." Wakaizima, na ugonjwa ukaisha. Mwezi uliofuata alikuwa na kitambulisho cha chuo kifuani chenye picha yake akiwa amekodoa macho, na alipokivua jioni alikilaza juu ya kitambaa safi. Huo ulikuwa mwaka wa sita sasa, na hakuna siku aliyoingia mle bila kusema kimoyomoyo, Mungu wangu, asante.

Msichana mwenyewe walimwita Daktari. Hakuwa daktari bado, alikuwa akisomea, wala udaktari wenyewe haukuwa wa kutibu mtu. Lakini alishaitwa hivyo muda mrefu kiasi kwamba hata angeacha masomo, jina lisingemwacha. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na akifikiri sana alikuwa na tabia ya kusokota nywele za nyuma ya sikio mpaka zinasimama zenyewe.

Chumba chao kilikuwa mwisho wa ukumbi, chini kabisa, hakina dirisha. Katikati lilining'inia pipa la chuma linalong'aa, refu kuliko mtu, nao waliliita Pipa tu. Ndani yake mlikuwa na baridi ambayo barafu ukiilinganisha nayo ni uji wa moto. Na chini kabisa kwenye baridi hiyo kulikuwa na kipande cha silikoni kisichofika ukucha wa kidole cha mwisho, na juu ya kipande hicho, mahali padogo ambapo jicho halina lake, kulijengwa chumba cha kukaa elektroni moja.

Mkewe Mzee Chwaa, aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu nyumbani, alimuuliza mara nyingi ni nini hasa anachofanya huko, na mwishowe Mzee Chwaa alipata namna ya kumweleza.

"Umeme unaopasha hiyo pasi yako, mama, ni elektroni zinapita kwa wingi, kama maji ya bomba. Hakuna anayehesabu. Sisi tunataka kuishika moja. Moja tu, iingie chumbani, itoke, tujue."

"Mtaionaje?"

"Haionekani, ni ndogo mno. Kwa hiyo tumemweka jirani."

Ndivyo walivyosema kazini pia. Ubavuni mwa kile chumba ulipita mfereji mwembamba wa umeme, mwembamba sana, na waliuita Jirani. Elektroni ikiingia chumbani, Jirani anabanwa kidogo, umeme wake unapungua kidogo. Ikitoka, anapumua. Chumba chenyewe hukigusi wala hukichungulii. Unamsikiliza Jirani tu.

"Huyo si jirani," mkewe alisema. "Huyo ni mbea."

"Mbea wa kulipwa. Anajua nani kaingia, nani katoka, saa ngapi."

"Basi hapa mtaani mngepata wafanyakazi wengi."

Kompyuta iliwekwa ichore habari za Jirani kama ngazi, mstari unashuka, unakaa, unapanda. Mzee Chwaa hakuridhika na macho matupu. Alichukua spika iliyokuwa kwenye redio ya zamani, akaiunganisha, ili kila mstari ukiruka spika iseme tok. Daktari alifurahi kama mtoto. Ile tok wakaiita hodi. Na kwa sababu mlango wa chumba chao ukigongwa Pipa lilitikisika na kuharibu vipimo, waliweka taa na kitufe nje, mtu abonyeze asigonge. Kwa hiyo mle ndani neno hodi likabaki la elektroni peke yake.

Miezi ilipita bila hodi. Kipande cha kwanza kilikufa, cha pili kikafa, cha tatu hakikuwahi kuwa hai. Cha nne walikifunga wenyewe kwa mikono yao, wakalifunga Pipa, wakalipoza siku mbili. Na Ijumaa moja mchana, Daktari akiwa anazungusha kitufe cha mlango wa kile chumba, spika ikasema tok.

Wote wawili wakaganda.

Tok. Kisha kimya kama cha kuvuta pumzi. Tok, tok.

"Mzee," Daktari alinong'ona, "unasikia?"

"Nyamaza, mwanangu. Kuna mgeni."

Mzee Chwaa alitoka akampigia mkewe simu, akarudi na simu akaiweka mbele ya spika. "Sikiliza."

"Bomba linavuja?"

"Ni elektroni. Inaingia chumbani."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Haya, karibu yake," mkewe alisema. "Na wewe ukirudi pitia sabuni, imeisha."

Siku ya ibada Mzee Chwaa alisimama mbele za watu. Hakuwa msemaji. Alisema Mungu aliyeumba mlima ndiye aliyeumba na kile kidogo kisichoonekana, na kwamba wiki ile, kwa masikio yake haya, alikuwa amesikia kimoja kikipita mlangoni. Wengi hawakuelewa anachosema, lakini waliona uso wake, wakaitikia kwa nguvu. Alikaa chini machozi yakimtoka, na mkewe akampa leso.

Ziliisha wiki mbili za furaha. Daktari aliandika usiku na mchana, kwa kuwa alikuwa amepangiwa Alhamisi kusimama mbele ya maprofesa kueleza kazi yake ya miaka minne. Wakiikubali, anakuwa daktari kweli. Jumanne asubuhi alimwambia, "Mzee, nichoree basi njia za waya zetu zote, kutoka kwenye sanduku la vitufe mpaka kichwani mwa Pipa. Nitaionyesha ukutani. Andika majina yote kwa urefu, wageni waelewe."

Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Mzee Chwaa akachukua karatasi na kalamu ya risasi, akaweka kidole kwenye waya wa kwanza, akaufuata.

Waya zilikuwa nyembamba, na kila moja ilivishwa kipande cha utepe chenye herufi moja, maana utepe haukuwa na nafasi ya zaidi. J ilikuwa Jirani, hiyo haikuwa na neno. Lakini kulikuwa na waya wa Mlango, uliofungua na kufunga kile chumba. Kulikuwa na waya wa Mpaka, uliosimama ng'ambo ya pili, ukutani kwa Jirani, kumzuia asimwagike. Na kulikuwa na waya wa Mkondo, uliomletea Jirani umeme wake. M, M na M. Siku zote alizitenganisha kwa rangi: utepe mwekundu Mlango, mweupe Mpaka, wa bluu Mkondo. Ila siku ile walipofunga kipande cha nne, utepe mwekundu ulikuwa umeisha. Alitumia mweupe kwa Mlango na Mpaka zote mbili. "Nitakumbuka," alijisemea.

Kidole kikatoka kwenye kitufe cha Mlango, kikapanda na waya, kikapita nyuma ya nguzo, kikafika kichwani mwa Pipa. Mzee Chwaa akaangalia kilipofikia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akarudi chini akaanza upya.

Kitufe cha Mlango kilikuwa kimeingia kwenye Mpaka. Na cha Mpaka kwenye Mlango.

Kwa wiki hizi zote, Daktari alipodhani anafungua mlango wa chumba, alikuwa akisukuma ukuta wa upande wa pili. Chumba chenyewe hakikuwahi kufunguliwa. Kama ni hivyo, nani aliyekuwa akibisha hodi?

Jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza. Ndani ya vipande vile huwa kuna nyufa ndogo, na elektroni iliyopotea njia inaweza kujibanza kwenye ufa, ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, haina chumba wala shughuli. Waliziita wazururaji. Jirani akimsikia mzururaji anasema tok vile vile. Hadanganyi, kasikia kweli, ila si nyumba ile. Na sasa Mzee Chwaa akakumbuka jinsi Daktari alivyolazimika kuzungusha kitufe mpaka karibu na mwisho ndipo hodi zipungue kidogo, na jinsi yeye mwenyewe alivyomtania, "Mlango umevimba kwa unyevu, mwanangu." Wakacheka. Mlango haukuvimba. Walikuwa wakisukuma ukuta.

Daktari alikuwa chumba cha pili, anaimba huku anaandika. Mkono wa Mzee Chwaa ulikuwa tayari umeshika kichwa cha waya. Kuchomoa viwili, kuchomeka viwili, nani angejua? Karatasi ingeonyesha kila kitu mahali pake. Alikaa hivyo muda ambao hakuujua urefu wake. Halafu akauachia waya, akavaa koti, akaenda nyumbani kula.

Mkewe alikuwa mbele ya lundo la mashati. "Leo umekuja mapema. Wamekufukuza?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini?"

Akamweleza yote, na mkewe akasimamisha pasi ili isiunguze kitu.

"Kwa hiyo kile ulichonipigia simu nikisikie?"

"Mzururaji."

"Nikamkaribisha, na adabu zangu zote."

"Usinichekeshe, mama, leo sina meno ya kuchekea." Akashika tama. "Nilisimama mbele za watu. Nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikuwapo. Nimeifanya shukrani kuwa uongo."

Mkewe alikunja mkono wa shati, akaunyoosha.

"Shukrani ulitoa kwa moyo," alisema. "Aliyepokea anajua ulichokuwa nacho moyoni, na anajua pa kuiweka. Huko usihangaike. Hangaika na binti."

"Nikimwambia namvunja. Keshokutwa anasimama, mama. Miaka minne."

"Na usipomwambia?"

Mzee Chwaa akaokota shati, akalirudisha lundoni.

"Nikueleze mimi," mkewe alisema. "Hili shati nikilipiga pasi mbele tu, mwenyewe atalivaa atapendeza, atatoka nyumbani anatembea kifua mbele. Ila atageuka. Iko siku atageuka, baba, na wote wataona. Na yeye atakuwa wa mwisho kujua."

Hakula, akanywa maji tu. Mkewe alimsindikiza mpaka kizingitini, akamwekea mkono begani akamwombea kwa maneno machache, kama alivyofanya siku watoto wao walipokwenda kwenye mitihani.

Alimkuta Daktari bado anaandika.

"Mwanangu, hebu acha kalamu."

"Nimebakiza ukurasa mmoja, Mzee."

"Ndiyo huo huo."

Akaweka mchoro mezani. Daktari aliufuata kwa kidole, akitabasamu, halafu akiwa hatabasamu. Akainuka, akaenda kwenye Pipa, akaufuata waya wenyewe. Akarudi. Akaenda tena.

"M," alisema.

"M."

"Mlango. Mpaka. Mkondo." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma majina ya marehemu. "Mzee, hatukuwa na herufi nyingine?"

"Lugha yetu ndivyo ilivyo, mwanangu. Mtu ni M, mti ni M, moto ni M."

"Mkosi ni M."

"Na makosa. Makosa ni yangu."

Daktari akakizungusha kitufe kilichoandikwa Mpaka, ambacho sasa walijua ndicho mlango halisi. Alikizungusha kidogo, akakizungusha sana. Spika ikaendelea, tok, tok, tok, haikujali hata chembe, kama mtu anayegonga nyumba ya tatu kutoka kwako. Akaizima. Akatoka nje ya chumba.

Mzee Chwaa alibaki peke yake. Alitaka kusali lakini hakujua aombe nini. Kuomba hodi zirudi kuwa za kweli ilikuwa kumfundisha Mungu kazi. Mwishowe aliomba moyo wa yule binti usiwe mgumu, basi, akakaa akitazama viatu vyake.

Daktari aliporudi alikuwa amenawa uso, maji yanamdondoka kidevuni, na nywele za nyuma ya sikio zimesimama wima.

"Ungeweza kuzibadilisha usiseme," alisema.

"Nilizishika."

"Ukaacha?"

"Nikaacha."

"Kwa nini?"

Mzee Chwaa alitafuta jibu zuri, la mtu mwema, akalikosa. "Nilikwenda kula kwanza."

Daktari akamtazama. Kicheko kilianzia tumboni, akajaribu kukizuia kikamshinda, akacheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko akalia, na Mzee Chwaa hakujua lipi ni lipi, akampa leso tu.

"Alhamisi nitakwenda," alisema alipotulia. "Nitasema kilichotokea. Sina kingine cha kusema."

Na alikwenda. Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini, maprofesa watatu wamekaa mbele. Mkuu wao alikuwa mama mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na ilisemekana katika maisha yake aliwahi kutabasamu mara mbili, moja ikiwa kwa bahati mbaya. Mzee Chwaa alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Daktari alieleza chumba, akamweleza Jirani, akawasikilizisha hodi. Watu wakanong'ona kwa furaha. Halafu akasema, "Na hii tuliyoisikia siyo. Nitawaeleza nilivyojua."

Akaeleza utepe, waya na wazururaji, mpaka mwisho.

"Kosa hilo," Profesa mkuu aliuliza, "aligundua nani?"

"Aliyelifanya."

"Yumo humu?"

"Yumo."

"Asimame."

Mzee Chwaa alisimama. Shingo zote ziligeuka.

"Uligundua kwa kifaa gani?"

"Kidole, mama."

"Kidole?"

"Niliufuata waya kwa kidole."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Profesa hakucheka. Aliandika kitu, kirefu, kisha akamwambia Daktari, "Nakupa wiki nane. Kipande hicho hicho. Ukirudi, usiniletee hodi, hodi hata mwizi anaweza kubisha. Nataka unionyeshe kwamba ukifunga mlango, hodi zinakoma. Nyie wengine mnaocheka, nendeni mkaangalie waya zenu."

Haikuwa kukataliwa. Ilichukua dakika nzima Mzee Chwaa kuelewa hivyo, na alipoelewa alikaa chini akajikuta anarudia neno moja tu, asante, asante, mpaka mtu wa kiti cha pili akamuuliza kama yuko salama.

Wakalipasha Pipa joto pole pole, siku mbili, kwa sababu joto huwatawanya wazururaji kwenye nyufa zao, ingawa hakuna anayeweza kuapa watakwenda wapi. Mzee Chwaa alitengeneza tepe mpya ndefu, kila waya na jina lake zima kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, zikining'inia kama mikia. Daktari alipoingia alisema, "Leo Pipa limevaa," akazisoma moja moja kwa sauti, kisha akaufuata kila waya kwa kidole, na baada yake Mzee Chwaa akaufuata. Tangu siku hiyo hakuna waya uliochomekwa mle bila vidole viwili kuupitia, cha mdogo na cha mkubwa. Wakalipoza tena.

Mzururaji hakuwapo. Ila hata hodi haikuwapo. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu Daktari akaacha kuimba. Walikifungua kile chumba kidogo kidogo, kila siku unywele mmoja zaidi, wakiandika kila walipofika. Mkewe Mzee Chwaa hakuuliza kitu. Jioni alimwekea maji ya moto ya kuoga, akamwachia nafasi.

Jumatano ya wiki ya tano, mchana, kazi ikiwa imewachosha wote, spika ikatoa sauti ndogo, nyepesi kuliko ile ya zamani, kama ukucha kwenye kikombe. Tok.

Hakuna aliyeshangilia. Daktari alitazama saa, akaandika. Tok nyingine. Wakasubiri mpaka zikafika ishirini. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha Mlango, akasoma utepe wake kwanza, Mlango, akageuka kumtazama Mzee Chwaa. Mzee Chwaa akaitikia kwa kichwa. Akakifunga kwa upana wa unywele.

Kimya.

Dakika moja. Mbili. Tatu. Nne. Hakuna kilichobisha.

Akafungua. Tok. Tok, tok.

Akafunga, na kimya kikarudi, kizima, hakina hata mkwaruzo. Mzee Chwaa alikuwa amesikiliza sauti maisha yake yote, na hakuwahi kusikia kimya kama kile. Chumba kilikuwa kimefungwa, aliyekuwa akiingia amekuta pamefungwa, na Jirani, kwa kuwa hakuna kitu, amesema hakuna kitu. Machozi yalimshuka hadi ndevuni.

"Nifungue?" Daktari aliuliza taratibu.

"Kiache kidogo, mwanangu. Kiache hivyo hivyo."

Profesa mkuu alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Alibonyeza kitufe cha taa nje, akangoja, akaingia akaketi. Hakuomba maelezo. Aliomba kitufe. Alifunga na kufungua mara kumi na moja, akihesabu kwa midomo, na mara ya kumi na mbili alikifunga akakaa akisikiliza kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainuka, akampa Daktari mkono. "Hongera, Daktari," alisema, na safari hii neno lilikuwa la kweli. Akamgeukia Mzee Chwaa, akautazama mkono wake wa kulia, kidole kile, akaushika kwa mikono yake miwili.

Jioni ile Mzee Chwaa alirudi kwa miguu, polepole, akisalimia kila mtu. Mkewe alikuwa anamalizia shati la mwisho.

"Eeh?" alisema bila kugeuka. "Vipi huko?"

"Kimya, mama."

Pasi ikasimama. "Kimya?"

"Kimya kabisa. Amefunga mwenyewe Profesa, mara kumi na mbili."

Mkewe aligeuka akamsoma usoni, ili ajue hiyo ni habari njema au mbaya. Aliposoma, alichomoa pasi ukutani, akakaa kwenye kigoda kando yake, mbele ya mashati ya watu yaliyokunjwa, na wakamshukuru Mungu wawili tu, bila kusimama, bila kusemea mbele za mtu.